Wapagazi wa Mtaa wa Narung'ombe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Mtaa wa Msimbazi bado una giza, ila watu wameshajaa. Nimeshuka mwendokasi Gerezani, mwisho wa njia, nikatembea kwa miguu kuelekea sokoni, na neno la kwanza kuniingia masikioni ndilo nitakalolisikia kutwa nzima. "Mzigo huo! Pisha mzigo!" Anayeita ni kijana mwenye robota la mitumba begani, shingo imelalia upande, jicho moja tu ndilo linaloona njia. Nyuma yake linakuja guta, nyuma ya guta mkokoteni. Mwenye duka anayehangaika na makufuli anamwambia mtu kwenye simu kuwa mzigo umetoka bandarini usiku. Mbele kidogo utingo wa fuso anauliza kama mzigo wa Tunduma umetimia. Kariakoo bidhaa haiitwi bidhaa. Vitenge ni mzigo, sufuria ni mzigo, maua ya plastiki yasiyofika hata kilo moja nayo ni mzigo. Ukitaka kujua kama biashara inakwenda, unauliza, "Mzigo unatoka?"

Nimekuwa nikija hapa tangu utotoni, nikishikwa mkono na mama kila Januari kutafuta viatu vya shule. Safari hii nimekuja na daftari. Nataka kupita mtaa kwa mtaa nikisoma vibao, maana kwa miaka mingi nimeyatamka majina haya kama mtu anavyotamka namba za mabasi: Tandamti, Narung'ombe, Mahiwa. Majina ya kwenda kununua vitu. Kisha siku moja nilikuwa nasoma habari za Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu, na yote matatu nikayakuta ndani ya kitabu kimoja, yote mwaka 1917, yote yakiwa mahali watu walipouana.

Narung'ombe ni bara ya Kilwa. Julai 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana pale, wenye kufa wengi wao wakiwa Waafrika wa pande zote mbili. Tandamuti ni kilima magharibi ya Lindi. Jina lake lilipunguzwa kidogo lilipofika kwenye kibao cha Dar es Salaam. Mahiwa nayo ni Lindi, jirani na Nyangao, na kule mapigano ya Oktoba mwaka huohuo yaliendelea siku nne mfululizo. Kwa upande wa Waingereza peke yao, waliouawa na kujeruhiwa walipita elfu mbili. Leo Mtaa wa Narung'ombe unauza mabegi na nguo. Nimesimama chini ya kibao chake, rangi imechubuka, waya za umeme zimekizunguka, na dada mwenye fremu ananiuliza natafuta saizi gani.

Jina la eneo zima linatoka kwenye vita hivyohivyo. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916. Kikosi chao cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na wenyeji walilipokea jina hilo wakalikunja mpaka likakaa vizuri mdomoni: kariakoo. Nairobi lilikunjwa kwa namna nyingine kidogo, likawa Kariokor, nako mpaka leo kuna soko na makazi ya jina hilo. Miji miwili mikubwa ya Afrika Mashariki ina mitaa yenye jina la watu wale wale.

Kazi yao inasimuliwa kwa haraka mno kila inaposimuliwa. Vita vilipiganwa katika nchi yenye mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa makundi, barabara za magari zilikuwa chache na mvua zikazimeza hizo chache. Kwa hiyo risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, unga, dawa, mahema na vitanda vya maofisa, vyote vilipanda vichwani mwa watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa kilo ishirini na tano hivi, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Wengine walikuja kwa ujira. Wengi walikamatwa vijijini. Walitoka Kenya, Uganda, Nyasaland na Kongo, pamoja na sehemu za nchi hii zilizokuwa zimetekwa tayari, na wanahistoria wanakadiria kuwa kwa jumla walikaribia milioni moja upande wa Waingereza tu. Wajerumani nao walikuwa na wao. Risasi haikuwa adui wao mkubwa. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakati wengi hawakuuzoea na hawakuwa na muda wala kuni za kuupika ukaiva. Wakaharisha damu, wakapata malaria, wakashikwa na nimonia kwa kulala kwenye mvua bila kitu cha kujifunika. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja vifo zaidi ya elfu tisini, na hao ni wale walioandikwa.

Kituo cha wapagazi Dar es Salaam kilikuwa hapa, sokoni. Wajerumani walikuwa wamesimamisha jengo la chuma lililokusudiwa kuwa soko la mji mpya wa Waafrika, ila vita vilianza mwaka 1914 kabla halijatumika. Waingereza wakaligeuza kambi. Watu waliochoka, wenye vidonda vya mabega na miguu iliyovimba, walilala mahali ambapo leo tunapimiwa nyanya na dagaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 jengo likawa soko kweli, na jina la kambi likabaki juu ya soko, kisha likatambaa juu ya mitaa yote inayolizunguka.

Jua linachomoza ninapofika Mnazi Mmoja, upande wa mashariki, na hapa inafaa kusimama kuiangalia ardhi yenyewe. Kariakoo ni bapa, haina kilima hata kimoja. Upande mmoja imepakana na huu uwanja wa wazi, upande wa pili ni Ilala, kusini Gerezani, na kaskazini ardhi inashuka taratibu kuelekea Jangwani na bonde la Mto Msimbazi, ambalo hufurika likajaza maji mpaka kwenye madirisha. Mitaa yake imenyooka kama drafti, mmoja unakata mwingine kwa pembe mraba. Mji wa Kiswahili uliojiotea wenyewe, kama Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, una vichochoro vinavyopinda kufuata kuta na ujirani. Kariakoo ilichorwa kwa rula kwanza, watu wakaletwa baadaye.

Hapo zamani ilikuwa shamba la minazi. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, na viunga vyake vikawa mashamba. Wajerumani walipouhamishia mji mkuu wa koloni lao hapa mwaka 1891, shamba hili likaangukia mikononi mwa mlowezi wao aitwaye Schoeller, na karibu na kuanza kwa vita serikali ikalichukua kwa ajili ya kuwahamishia Waafrika. Waingereza waliendeleza mpango huo kwa bidii. Mji uligawanywa kanda tatu: ya kwanza ya nyumba za Kizungu, ya pili ya biashara, ambako Wahindi walikuwa wengi, na ya tatu ya Waafrika, yaani Kariakoo na Ilala. Kati ya kanda ya pili na ya tatu likaachwa eneo tupu. Eneo hilo tupu ndilo Mnazi Mmoja hii. Asubuhi hii vijana wanafanya mazoezi ya kukimbia, wazee wamekaa chini ya miti, na Mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama pale. Nimepita hapa maisha yangu yote nikidhani ni bustani tu. Ilikuwa uzio. Uzio usio na waya, wa nyasi na hewa, uliowekwa ili watu wasikaribiane.

Na ng'ambo ya uzio huo, hatua chache tu, ndipo ulipovunjwa. Mtaa wa Lumumba zamani ukiitwa New Street, na hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya chama cha African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kila Sabasaba tunakumbuka siku hiyo. Mtu mmoja anayenigusa katika habari hizo ni Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association. Baba yake alikuwa Mzulu aliyeletwa na Wajerumani kutoka Msumbiji kuwa askari wao, na Kleist mwenyewe alipigana vita vile chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yaani upande wa pili wa wale wapagazi. Vita vilipokwisha akaja kuishi hapa, Mtaa wa Kipata, ambao sasa una jina lake. Aliyekuwa askari wa Mjerumani alikuwa akitoka nyumbani kwake na kupita kwenye mitaa yenye majina ya mapigano ambayo jeshi lake lilipigana, katika kitongoji chenye jina la wapagazi wa adui yake. Sijui kama Kariakoo kuna kisa kinachobeba mengi kuliko hicho. Wanawe Abdulwahid na Ally wakachukuliwa na Waingereza kwenda kupigana Burma katika vita vya pili. Abdulwahid aliporudi akaja kuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo, na akawa miongoni mwa walioasisi TANU.

Ninarudi ndani ya mitaa kwa Barabara ya Uhuru, iliyokuwa Kichwele. Saa mbili sasa, na mahali pa kuweka mguu ni pa kutafuta. Mawinga wameshaanza kazi. Winga hana duka. Ana macho na miguu. Anakusoma umekuja kununua nini, anakupeleka kwenye fremu ambayo hukuijua, ghorofa ya tatu, nyuma ya ngazi, na anapata chake kwa mwenye duka. Kwenye Mtaa wa Kongo nawakuta kina mama wawili kutoka Lubumbashi wamekaa juu ya mabelo yao ya vitenge wakinywa chai. Kiswahili chao ni kile cha Katanga, chenye mwendo wake, na winga anayewahudumia ameshakizoea, anawajibu kwa maneno yao. Mzigo utapakiwa jioni, utapita Tunduma, utavuka Zambia nzima, ufike Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Nawauliza wanakuja mara ngapi. Mmoja anasema hahesabu, anakuja mzigo unapoisha. Wengine huja kutoka Malawi, Komoro na Zambia yenyewe. Hata mwenye kuuza nguo Mbeya au Songea, mzigo wake ukiufuatilia, mara nyingi unaanzia hapa.

Kwa sababu hiyo fremu yenye upana wa mlango mmoja ina kodi ya kutisha, na kabla ya kodi kuna kilemba cha kumtoa aliyekuwemo. Na ndiyo maana nyumba zimekwisha. Ile nyumba ya Kiswahili iliyokuwa ndiyo Kariakoo yenyewe, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo, mbele baraza ya kukaa jioni, inabidi uitafute. Zilijengwa kwa miti na udongo, zikaezekwa kwa makuti, baadaye kwa madebe yaliyopasuliwa, mwisho mabati. Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake, na mama mwenye nyumba alikuwa mtu mwenye sauti mtaani.

Moja nimeikuta, imebanwa na maghorofa mawili kama jino la mtoto. Barazani amekaa mzee mwenye kofia ya viua. Muuza kahawa ametua dele lake mbele yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa, kahawa ipo."

Nakaa, nakunywa vikombe viwili na kashata moja. Namuuliza kuhusu majina ya mitaa. Anasema walipokuwa wakicheza chandimu utotoni waliamini Narung'ombe ni ng'ombe wa mtu aliyeitwa Naru, na ng'ombe huyo walikuwa wakimtafuta. Nikamwambia niliyoyasoma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema bibi yake mzaa baba alikuwa na kaka ambaye habari zake zilisemwa kwa maneno mawili tu: alichukuliwa kariakoo. Yeye mtoto akidhani huyo babu alikuja mjini kufanya biashara akanogewa, hakurudi. Kwa miaka yote hiyo, amekaa Kariakoo akidhani babu yake yuko mtaa wa pili.

Sikuwa na la kumwambia. Akaniongezea kahawa yeye.

Familia yake imeshafuatwa mara nyingi na watu wenye fedha. Wapo waliouza wakahamia Mbagala na Chanika. Wapo walioingia ubia: wewe toa kiwanja, mimi natoa fedha, ghorofa likiisha tunagawana. Yeye hataki kutoka akiwa hai, watoto wake wanataka, na haoni ubaya wao. Anachosikitikia ni baraza. Ghorofa, anasema, halina mahali pa mtu mzima kukaa akaamkiwa.

Maghorofa haya yana jambo jingine. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya biashara, jengo moja la ghorofa liliporomoka hapa, pembe ya Kongo na Mchikichi. Watu zaidi ya ishirini walikufa. Wengine walinaswa chini wakiwa hai, wakizungumza na waokoaji kupitia matundu, na mji mzima ulikuwa ukisubiri habari kutoka kwenye kifusi. Nimepita pale leo. Wauzaji wamepanga bidhaa mpaka ukingoni, na huwezi kuwalaumu, kodi haisubiri msiba uishe. Lakini nimepita kwa hatua za polepole, na nimeona sikuwa peke yangu.

Soko lenyewe linakuja ghafla. Unatoka kwenye mtaa mwembamba, unainua uso, unakutana na zile nguzo za zege zilizopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa na upepo. Lilijengwa miaka ya 1970 mahali pa lile jengo la chuma, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Aliyelichora ni Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza kusomea usanifu majengo katika Afrika Mashariki yote, na kwangu hili ndilo jengo bora la mji huu, kushinda hata yale ya Wajerumani tunayowaonyesha wageni. Ile miavuli imegeuzwa kwa makusudi: inakinga mvua na kuiteremsha ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi ya chini ya ardhi. Pembeni kuko wazi, upepo unaingia wenyewe bila mashine. Chini ni shimoni, penye bidhaa za jumla. Juu yake rejareja. Na maduka ya mbegu na dawa za mifugo ambayo wakulima walikuwa wakiyafuata kutoka mikoani. Amuli alifikiri kuhusu joto, maji, mzigo na mtu anayeubeba kabla ya kufikiri kuhusu sura, na sura ikaja yenyewe.

Jioni ya tarehe 10 Julai 2021 liliwaka moto. Nilikuwa mbali, niliuona kwenye simu kama wengi, na nakumbuka nilivyoziangalia zile nguzo nikiomba zisianguke. Hazikuanguka. Waliokuwa na meza ndani walipoteza mtaji wa maisha kwa usiku mmoja. Serikali ikatenga shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jingine jipya la ghorofa ubavuni pake, palipokuwa soko dogo. Natembea kulizunguka, nikipapasa nguzo moja kwa kiganja. Jua la saa tano ni kali, ila zege chini ya mwavuli ni la baridi.

Niliwahi kwenda kuiangalia Sanamu ya Askari, kule Samora, kutoka hapa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Imesimama tangu 1927, ya shaba, bunduki imeelekezwa bandarini. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi pia, lakini aliyewekwa juu ni mwenye bunduki. Nairobi walau walimchonga na mpagazi, akasimama pamoja na askari. Hapa kwetu mpagazi alipewa jina la soko. Ningependa, na hili nalisema kwa moyo wote, pawepo hata jiwe moja kwenye kona ya soko, lenye maneno ya Kiswahili, ili mtoto aliyeletwa kununuliwa viatu asome kwamba Narung'ombe hakuwa ng'ombe wa mtu, na kwamba jina la Kariakoo analolitamka ni la watu. Baadhi ya vibao tayari vinabadilika. Mtaa wa Tandamti umepewa jina la Mshume Kiyate, mzee wa TANU aliyekuwa muuza samaki katika soko hili hili, na ni haki yake. Wengi bado wanasema Tandamti. Yote mawili ni yetu, na kibao kina nafasi ya mistari miwili.

Saa saba narudi Narung'ombe. Kijana mmoja ameketi juu ya robota, anafuta jasho kwa fulana. Ametumwa na tajiri wake apeleke mzigo kwenye basi. Namuuliza kwao ni wapi. Lindi, anasema, Mtama. Hapo na Mahiwa ni jirani. Namuuliza kama anapajua. Anacheka kwa kushangaa kwamba mimi napajua, shangazi yake ameolewa huko. Namuuliza robota lina kilo ngapi. Arobaini na tano. Na kutoka hapa mpaka kwenye basi analipwa kiasi gani? Inategemea na mtu, anasema, elfu mbili, akipata mstaarabu elfu tatu.

Anasimama, anakung'uta suruali, anaangalia kulia na kushoto. Mwenzake ameshatangulia.

"Samahani mkubwa," ananiambia. "Nisaidie kunitwika."

Naweka daftari chini. Yeye anashika ncha ya huku, mimi ya kule, tunahesabu mpaka tatu.